Sauti ya Bibi Kwanza, Keki Baadaye

Tuseme ukweli, mashoga. Simu zetu zimejaa video za harusi, na karibu zote ni video za nguo. Keki ipo, mapambo yapo, bibi harusi anaingia ukumbini mara tatu kwa pembe tatu tofauti. Lakini ukitafuta pale bibi yake aliposimama akamwimbia wimbo wa kumuaga, unakuta sekunde kumi na tano tu. Ndani yake mna honi ya bodaboda, spika inayonguruma na mtu anayesema "sogea kidogo, unaniziba." Wimbo wenyewe umekatika kabla ya kiitikio cha pili.

Sisi tunaoandika haya ni wanawake wa visiwani ambao ndoa na kazi zimetufikisha mkoa wa Kagera, wengine Ngara, wengine Biharamulo. Mtu wa Unguja akisikia Kagera, akili yake inakwenda Bukoba na Ziwa Viktoria. Ngara ni upande mwingine kabisa. Ni nchi ya vilima, baridi asubuhi, migomba na maharage, na mito miwili inayochora mpaka: Kagera upande wa Rwanda na Ruvubu upande wa Burundi, ikikutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Wenyeji wake ni Wahangaza na Washubi. Biharamulo iko mashariki yake, na huko utawakuta Wasubi, Wahaya, Wasukuma na wengine wengi, kila mtu na ngoma yake. Tumekaa na wakwe zetu na mawifi zetu, tumemenya nao ndizi, tumeimba nao. Katika nyumba hizi wimbo si jambo la ukumbini tu. Unaimbwa shambani, unaimbwa mtoto anapobembelezwa, unaimbwa mwali anapotoka kwao. Familia za kanisani zina kwaya zao za nyumbani, baba akishika sauti ya chini na watoto wakipanda juu. Familia za Kiislamu Biharamulo mjini zina kasida na dufu. Na wazee wana nyimbo ambazo vijana hawazijui hata maana.

Rai yetu ni hii. Kila familia iwe na rekodi nzuri ya sauti za wazee wake wakiimba, ichukuliwe siku tulivu isiyo na sherehe, ichukuliwe na mtu wa nyumbani, khasa mwanamke, na ibaki kuwa amana ya familia. Video ni nyongeza. Sauti ndiyo yenyewe.

Tunajua wapo watakaosema hii simu ina kamera kali, kwa nini tusumbuke na sauti? Basi tuanze na mtu wetu wenyewe. Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Alifariki mwaka 1950. Mtu anayetaka kumjua leo hamtazami akiimba, anamsikiliza. Hajui mikono yake ilikwendaje wala kichwa alikiinamishaje, lakini pumzi yake anaisikia, na namna anavyolivuta neno anaisikia. Zile santuri zilitengenezwa kwa kipaza sauti kimoja kilichowekwa mahali pazuri, katika chumba kilichonyamaza. Zimetosha kumbakisha nasi karibu miaka mia.

Huku bara nako kuna mfano. Mwaka huohuo wa 1950, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na gari la mitambo akirekodi muziki wa makabila, na miongoni mwa aliowarekodi walikuwa wapiga enanga wa Kihaya. Mwaka 1952 alikuwa Rwanda akirekodi ngoma za ikulu ya Mwami. Ngara ipo katikati ya sehemu hizo mbili. Tracey alikuwa na tabia moja ambayo inatufaa sisi kuliko mashine zake zote: alikuwa anakishika kipaza sauti mkononi na kukisogeza karibu na anayeimba. Hakukaa mbali akisubiri sauti imfuate. Kilichomshinda ni muda. Santuri ya zama zile ilibeba kama dakika tatu kwa upande, kwa hiyo nyimbo nyingi alizikata ziendane na santuri. Wewe leo huna shida hiyo. Bibi akitaka kuimba dakika ishirini, mwache aimbe ishirini, na ukohozi wake katikati uache uwemo.

Sasa tuje kwenye simu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua kwa nini.

Simu imetengenezwa ili usikike unapoongea. Kwa hiyo ndani yake kuna hila mbili. Ya kwanza, inapandisha sauti yenyewe pakiwa kimya na kuishusha yenyewe pakiwa na kelele. Ngoma ikilia, simu inashtuka na kushusha kila kitu, na sauti ya bibi inazama kama jiwe kisimani. Ngoma ikinyamaza, inapandisha tena, na unasikia kuku, upepo na redio ya jirani. Ya pili, inajaribu kufuta kile inachodhani ni kelele. Na inachodhani ni kelele ni sauti yoyote nyembamba inayoendelea bila kubadilika sana: mvumo, mnong'ono, uzi unaotetema.

Fikirini basi inanga. Ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na tumbo kama sinia, na juu yake uzi mmoja umepitishwa kwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi nyingi. Wahaya ndiyo hiyo wanayoiita enanga. Burundi, ng'ambo tu ya Ruvubu, kuna namna ya kuipiga ambayo mwimbaji hatoi sauti kabisa. Ananong'ona maneno, na nyuzi ndizo zinazobeba lahani, mpaka msikilizaji anaona kama mnong'ono wenyewe unaimba. Familia za mpakani hapa zina ndugu pande zote mbili za mto, na nyimbo hazina kibali cha kusafiria. Mrekodi mzee wa namna hiyo kwa simu iliyowekwa hatua tano mbele yake, simu inayofuta minong'ono kwa sababu imefundishwa kuwa mnong'ono ni uchafu. Utarudi nyumbani na video ya mzee anayechezesha midomo.

Au fikirini salamu za wanawake. Warundi wanazo, wanaziita akazehe. Ni wanawake wawili wanaokutana au kuagana, wakaimbiana salamu kwa sauti zinazofukuzana na kupishana haraka, mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake. Uzuri wake wote uko kwenye zile nafasi ndogo baina ya sauti mbili. Ukirekodi kwa mbali, sauti mbili zinakuwa uji mmoja. Ukiweka simu mbili, kila moja karibu na mwimbaji wake, unasikia kila mmoja anafanya nini, na mjukuu anaweza kujifunza upande mmoja akaimba na bibi yake aliyekwisha kufariki. Tukiambiwa tuchague kati ya hiyo na video ya keki iliyopigwa kwa droni, sisi tumeshachagua.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Ingieni kwenye mipangilio ya programu ya kurekodi sauti, si ya WhatsApp, ile ya simu yenyewe au nyingine ya bure. Zimeni kinachoitwa kupunguza kelele kama kipo. Chagueni ubora wa juu kabisa, na kama inaruhusu faili la WAV, chukueni hilo. Wekeni simu katika hali ya ndegeni, kwa sababu simu nyingine ikipigiwa inakata rekodi, na hata isipokata inaingiza mtetemo wa mawimbi. Kisha sogezeni simu karibu. Kwa sauti ya mtu mmoja, urefu wa mkono unatosha, na kwa mnong'ono hata nusu yake. Kwa ngoma ni kinyume: rudini nyuma hatua kadhaa mpaka sauti iache kupasuka. Pakiwa na ngoma na mwimbaji pamoja, msogezeni mwimbaji mbele na mpiga ngoma nyuma yake. Mzee hatakasirika mkimweleza, na wengi wao hufurahi kuona mtu anayejali aimbe wapi.

Maiki ndogo za kubana kwenye nguo zinauzwa siku hizi hata kwenye maduka ya vifaa vya simu vya miji midogo, na zinasaidia kwa mwimbaji mmoja. Lakini zibaneni juu ya kitenge kisichosugua, na bibi avue shanga zake kwanza, vinginevyo mtapata tamasha la shanga.

Chumba ni nusu ya kazi. Nyumba nyingi hapa zina sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la bati, na sauti ndani yake inarukaruka kama mpira. Dawa yake mnayo kabatini. Tandikeni mikeka na mazulia, ning'inizeni kanga na mablanketi ukutani nyuma ya mwimbaji na nyuma ya simu, ingizeni godoro likae wima pembeni. Sisi wanawake tuna nguo za kutosha kujenga studio, jamani. Na msirekodi chini ya bati siku ya mvua. Hapa mvua za Machi hadi Mei zikishuka, hata maongezi yanasimama. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yenu. Kama chumba kinashindikana, uani penye migomba hapana mwangwi, ila upepo ukivuma majani ya mgomba yanachapana kama watu wanaokunja magazeti, kwa hiyo chagueni asubuhi mapema kabla upepo haujaamka kilimani, na mfungieni jogoo.

Video ikitakiwa, simu ya pili ipige picha, ile ya kwanza ibaki na kazi ya sauti tu. Mwanzoni mtu mmoja apige kofi moja kali mbele ya zote mbili. Baadaye kijana yeyote anayejua kuhariri ataoanisha lile kofi la sauti na lile la picha, na sauti nzuri itakaa juu ya picha. Simu ya picha ilale, isisimame wima, na isishikwe mkononi. Kifuko cha maharage nusu kilo juu ya kiti kinaishikilia vizuri. Bibi aukabili mlango au dirisha, asiupe mgongo. Basi, hayo ndiyo ya picha.

Tumesema siku isiyo na sherehe, na hapa ndipo mawifi zetu walipotubishia zaidi. Wanasema wimbo wa kumuaga mwali una machozi yake siku ileile, na ukimwambia bibi aimbe Jumanne saa nne asubuhi kumekaa watu wanne, utapata maneno bila roho. Kuna haki katika hilo. Wimbo wa harusi bila harusi una upungufu, na sisi hatusemi simu zizimwe siku ya sherehe. Lakini siku ya sherehe mambo yote yako dhidi yako. Mshereheshaji ana kipaza sauti na hamruhusu mtu anyamaze, mtu wa muziki ana spika mbili zilizomzidi urefu, na wageni wanaotaka picha wanapita mbele. Rekodini siku hiyo kwa ajili ya machozi, na rekodini siku nyingine kwa ajili ya maneno. Na tumeona jambo: bibi akiwa na wajukuu wanne tu na chai, anakumbuka beti ambazo ukumbini angeziruka, anasimama katikati anacheka, anaeleza huyu anayetajwa alikuwa nani.

Kuhusu mpiga video wa kulipwa, hatuna ugomvi naye, anatafuta riziki. Lakini mtindo umekuwa mmoja: anachukua saa sita za sherehe, anarudisha dakika arobaini, na juu yake ameweka nyimbo za bongo fleva au kwaya maarufu mwanzo mpaka mwisho. Tuna rafiki aliyelipia kazi ya namna hiyo. Mama mkwe wake alionekana akiimba kwa hisia kali, mikono imeinuliwa, na sauti inayotoka ni ya kijana wa Dar es Salaam anayelilia mpenzi. Mama mkwe alifariki mwaka uliofuata. Faili za mwanzo zilishafutwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa malipo ya kwanza, semeni wazi na iandikwe kwenye makubaliano: tunataka na faili ghafi, zote, zenye sauti yake ya asili, kwenye flashi yetu. Ni sharti dogo na halimgharimu kitu.

Wimbo ukiisha, msizime. Hii tunaiona muhimu kuliko maiki yoyote. Mwambieni bibi aseme jina lake, kijiji, mwaka, na wimbo aliupata kwa nani. Kisha ayaseme maneno ya wimbo polepole bila kuimba, mstari kwa mstari, na mtu anayekijua Kiswahili na Kihangaza, au Kishubi, atoe maana palepale. Lugha hizi zina maandishi machache sana, na wajukuu walio Mwanza, Dar na Maskati wanaelewa salamu tu. Rekodi nzuri ya wimbo ambao hakuna anayeuelewa ni kama sanduku lililofungwa na ufunguo umezikwa na mwenyewe.

Watu wa huku hawahitaji kufundishwa kwamba sauti ina thamani. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu karibu 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Aliyekimbia hivyo hakubeba ngoma wala inanga. Alichobeba kilikuwa kichwani. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Radio Kwizera hapa Ngara na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, na jina lenyewe lina maana ya matumaini. Wenyeji walikuwa wakisikiliza pamoja na wageni. Wazee wanaoikumbuka miaka ile hawashangai ukiwaambia kwamba sauti ya mtu inaweza kufika mahali ambapo mtu mwenyewe hawezi.

Lakini historia hiyohiyo ndiyo inayotufanya tuwe wakali katika jambo la pili, nalo ni nani atasikia.

Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu. Mtu wa pwani akisikia bibi wa Ngara akiimba, hawezi kujua ni wa upande gani wa mto, na si kila mtu anayechangia mtandaoni ana adabu. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa waliohesabiwa kuwa wahamiaji wasio na vibali, na mpaka leo familia za mpakani ziko makini kuhusu nani anawauliza majina na vijiji. Ukimrekodi bibi akitaja ukoo wake wote na babu aliyevuka Ruvubu, kisha ukaiweka TikTok kwa sababu ina mahadhi mazuri, umemweka kwenye midomo ya watu asiowajua. Yeye alikuimbia wewe, sebuleni kwake.

Na kuna stara. Sherehe za wanawake, iwe huku au kwetu visiwani, zina mambo yanayofanywa kwa sababu milango imefungwa. Mwanamke amefungua kichwa, anacheza atakavyo, anaimba maneno ambayo hayaimbi mbele ya shemeji yake. Simu moja tu ikirekodi na ikaenda kwenye stetasi, heshima ya chumba kizima imetoka nje, na safari ijayo wale kina mama watakaa kimya kama wako msibani. Tumeliona hilo likitokea. Hasara yake si aibu ya siku moja tu. Nyimbo zenyewe zinakimbia, kwa sababu wenye nazo hawaamini tena chumba.

Hatusemi wanawake wasirekodiwe. Tunasema katika chumba cha wanawake irekodiwe sauti peke yake, kwa simu moja inayojulikana, iliyowekwa mezani kila mtu aione, na mwenye simu hiyo ajulikane. Nyingine zikae kwenye kikapu mlangoni. Kila aliyeimba aulizwe kabla, kisha asikilizishwe baadaye na aulizwe tena, maana mtu akijisikia ndipo anapojua kama anataka. Akisema futa, ifutwe mbele yake. Wapo dada zetu ambao kwao hata sauti ya mwanamke haipaswi kufika kwa asiye maharimu. Kwao rekodi ibaki kwa binti na wajukuu wa kike, na hilo linawezekana kabisa mkikubaliana toka mwanzo. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria itafika baada ya video kuzunguka. Neno tunaloliamini zaidi sisi ni amana, na kila bibi wa hapa, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Muislamu, analielewa bila kufafanuliwa.

Mpwa wetu mmoja mwenye kipaji alituambia kwamba tunafungia utamaduni kabatini, na kwamba wimbo usiosikika mtandaoni umekufa. Tulimsikiliza. Kuna nyimbo zinazostahili kutoka: za kulima, za kubembeleza, za kwaya ya familia inayotaka kujulikana. Zikitoka, zitoke na jina la mwenye wimbo na ridhaa yake, na kama kuna senti, zimrudie. Lakini mpwa wetu mwenyewe, tulipomuuliza wimbo wa bibi yake alioupandisha unasema nini, hakujua. Alikuwa na watazamaji wengi na ubeti mmoja.

Yaliyobaki ni kutunza, na hapa familia nyingi zinapoteza walichokwisha kupata. WhatsApp inaminya video, pamoja na sauti iliyomo ndani yake, ili ziende haraka. Ukimtumia ndugu rekodi, itume kama hati, si kama video, nayo itafika kama ilivyo. Faili la WAV la pande mbili linakula kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo nusu saa ya bibi ni MB 300 hivi. Video ya ubora wa juu inaweza kupita MB 100 kwa dakika moja. Si nyingi. Ni picha ngapi za keki hizo? Wekeni nakala tatu katika nyumba tatu, moja ikiwa mbali, Mwanza au Unguja, isiungue wala isilowe pamoja na nyingine. Flashi isiachwe miaka kumi bila kufunguliwa. Faili lipewe jina lenye maana: jina la mwimbaji, wimbo, kijiji, tarehe. Mtunzaji awe mtu mmoja anayejulikana na ukoo mzima, na tunashauri asiwe yule anayebadilisha simu kila Iddi na kila Krismasi.

Na kabla hamjamrekodi mtu, fungueni kabati la mzee. Nyumba kadhaa tulizoingia Ngara na Biharamulo zina kaseti za miaka ya themanini na tisini, harusi na kipaimara na maulidi, zilizorekodiwa kwa radiokaseti iliyowekwa katikati ya chumba. Nyingine zina sauti za watu waliokwisha kuondoka wote. Vunjeni vile vibanzi viwili vya plastiki vilivyo juu ya kaseti ili mtoto asirekodi juu yake. Kama ina ukungu mweupe kwenye utepe, msiicheze, mpelekeeni fundi. Kama ni safi, izungusheni mara moja mbele na nyuma kwa mkono au kwa kalamu ilegee, safisheni kichwa cha radiokaseti kwa pamba yenye spiriti, kisha pitisheni waya kutoka tundu la spika za masikioni mpaka tundu la maiki la kompyuta, sauti ikiwa chini kidogo isipasuke. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo pikeni kitu. Radiokaseti zinazozunguka sawasawa zimekuwa adimu; mwenye nayo Rulenge, Nyakahura au popote asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ukoo haujaitumia.